Kutoa, Kuharibu, Kuavya: Msamiati wa Mimba na Suala la Mpaka katika Sheria ya Kenya

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno yatumiwayo katika Kiswahili kuhusu mimba na kukoma kwake kabla ya wakati, na kuonyesha jinsi maneno hayo yanavyohusika na swali ambalo limewagawa Wakenya kwa miaka mingi: sheria iweke wapi mpaka kati ya kutoa mimba kunakoruhusiwa na kunakokatazwa? Swali hili kwa kawaida huachiwa wanasheria, madaktari na viongozi wa dini. Sisi wa lugha hukaa kando kana kwamba hatuna la kuchangia. Nadhani tunakosea. Mpaka unaojadiliwa umewekwa kwa maneno tu, na hapa kwetu maneno hayo huandikwa kwa Kiingereza, yakafasiriwa, kisha yakasomwa kwa Kiswahili mbele ya mtu ambaye uhuru wake unayategemea.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri kifungu cha 159 cha Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63 ya Sheria za Kenya. Kifungu hicho, kwa maneno yangu mwenyewe, chasema kwamba mwanamke mwenye mimba ambaye, kwa nia ya kuifanya mimba yake itoke, ajipa sumu au kitu kingine cha kudhuru isivyo halali, au atumia nguvu au njia nyingine yoyote, ana hatia ya kosa kubwa la jinai na aweza kufungwa miaka 7. Wanafunzi walikuwa 18. Baada ya juma moja nilipokea vitenzi vinne. Wengi waliandika kutoa mimba. Kundi la pili, kuharibu mimba. Watatu, kuavya mimba. Na mmoja, kumwua mtoto aliye tumboni. Msichana mmoja kutoka Lamu aliandika himila mahali pa mimba, na wenzake wa bara wakamwuliza ni kitu gani hicho.

Yule aliyeandika kumwua mtoto alikuwa hodari kuliko wote darasani. Nilipomwambia kwamba katika matini hamna neno kuua, alinijibu kwamba ndivyo sheria ilivyokusudia. Nilimpunguzia alama, lakini jibu lake halikunitoka akilini. Hakuwa amekosea Kiswahili. Alikuwa amefanya kazi ya Bunge kabla ya kufanya kazi ya mfasiri.

Sheria ilivyo

Kwa faida ya msomaji asiyezoea mambo ya mahakama, yafaa kueleza kwa ufupi. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika mwaka 1930, chini ya utawala wa Waingereza, na vifungu vyake juu ya mimba vina asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Kifungu cha 158 chamhusu mtu mwingine anayeshughulika kuitoa mimba ya mwanamke, awe kweli ana mimba au hana, na adhabu yake hufika miaka 14. Cha 159 chamhusu mwanamke mwenyewe. Cha 160 chamhusu anayetoa dawa au vyombo hali akijua vitatumiwa kwa kazi hiyo, naye hupewa hadi miaka 3. Mbali na hivyo kiko kifungu cha 228, kimhusucho anayemzuia mtoto kuzaliwa hai wakati mama yu karibu kujifungua. Adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kifungu cha 240 nacho humkinga mtu afanyaye upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu unaofaa ili kuuokoa uhai wa mama.

Juu ya msingi huo ikaja Katiba iliyopigiwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010, ikakubaliwa na asilimia 67 hivi ya wapiga kura, na kutangazwa tarehe 27 ya mwezi huo huo. Ibara ya 26 ina sehemu nne, na mbili kati yake ndizo zilizowafanya viongozi wengi wa makanisa kuipinga rasimu nzima. Sehemu ya pili yasema kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Ya nne yasema kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, matibabu ya dharura yahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa yaruhusu. Waliokuwa upande wa kukataa waliona kwamba sehemu ya nne imekifungua kilichofungwa na sehemu ya pili. Waliokuwa upande wa kukubali waliona kwamba sehemu ya nne haikuongeza ila kile ambacho matabibu walikuwa wakikifanya tangu zamani.

Jambo ambalo halikutajwa sana wakati huo ni hili: mpaka wa Kenya hauhesabiwi kwa majuma. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 yamwachia mwanamke uamuzi katika majuma 12 ya kwanza, kisha yadai sababu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1967 iliyorekebishwa mwaka 1990, iliweka majuma 24 kwa sababu nyingi. Mtu aweza kuulaumu mpaka wa namna hiyo kwa kuwa mrefu mno au mfupi mno, lakini hawezi kusema hauelewi: ni suala la kalenda. Mpaka wetu ni wa sababu. Dharura, uhai, afya, mama: hayo ndiyo mawe ya mpakani, na kila moja ni neno lenye upana wake. Kwa hivyo mfasiri wa sheria ya Kenya ana madaraka makubwa kuliko mwenzake wa Pretoria, apende asipende.

Mimba na mtoto

Tuanze na Kiswahili cha kila siku, kabla ya kugusa cha sheria.

Kiswahili kina maneno mawili ya kawaida kwa hali hii. Mimba ni kile anachokichukua mwanamke, na pia ni hali ya kukichukua. Ujauzito umetokana na mja mzito, nao humtaja mwanamke mwenyewe na uzito alio nao. Kwa sababu hiyo kutoa mimba ni usemi uliokaa sawasawa, ilhali kutoa ujauzito, ambako siku hizi husikika katika redio kwa ajili ya adabu, kwaichubua sarufi kidogo: uzito wa mtu hautolewi, hutuliwa. Himila, lile neno la mwanafunzi wangu wa Lamu, lina asili ya Kiarabu na ni ndugu ya kuhimili. Anayesema himila amekwisha kusema kwamba kuna mzigo na kuna mchukuzi.

Lakini msamiati si hoja. Hoja ni upatanisho wa kisarufi. Tusikilize jinsi watu wasemavyo mimba ikikoma mapema. Katika mwezi wa pili husemwa: mimba imetoka, mimba imeharibika. Katika mwezi wa nane hakuna asemaye hivyo. Husemwa: amezaa mtoto mfu, au, mtoto amefia tumboni. Mahali fulani kati ya miezi hiyo miwili msemaji ametoka katika ngeli ya I-ZI akaingia katika ngeli ya A-WA, wala hakuna aliyemfundisha. Wanawake wazima niliowauliza, wengine wa pwani na wengine wa Nairobi, walinipa jibu ambalo halikutofautiana sana: hubadilika pale mtoto anapocheza. Mmoja wao, mkunga mstaafu niliyemwita Bi. Mkubwa kwa heshima, alinitolea mifano miwili kwa mkupuo bila ya kujua kwamba alikuwa akinifundisha isimu. Alisema, mimba ikiwa changa waweza kuambiwa *imecheza*, kwa sababu hujui bado. Akishashika nguvu utasema *anacheza*.

Huu ni mpaka wa kale sana, na si wa Waswahili peke yao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1803 iliweka adhabu ya kifo kwa kuitoa mimba iliyokwisha kucheza, na adhabu ndogo zaidi kwa ile ambayo haijacheza. Tofauti hiyo ilifutwa mwaka 1837, na kwa hiyo haikuwamo katika sheria ya 1861 iliyokuja kuwa mzazi wa Sura yetu ya 63. Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na wataalamu waliopambanua mimba iliyokwisha kupata roho na ile ambayo bado. Ni mwaka 1869 ambapo Papa Pius wa Tisa aliuondoa upambanuzi huo katika adhabu za kanisa. Waislamu wa mwambao wetu, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, wanazijua daraja za tone, pande la damu na pande la nyama, na siku 120 ambapo roho hupulizwa. Yafaa tusiseme, kama wasemavyo wengine kwa haraka, kwamba Uislamu waruhusu kabla ya siku hizo. Al-Ghazali, ambaye alikuwa Shafii, aliona kosa tangu daraja ya kwanza. Aliloliongeza ni kwamba ubaya wa kosa huzidi kadiri daraja zinavyozidi. Mwenye kusoma maneno hayo kwa makini ataona kwamba anaeleza mteremko na si ukuta.

Kwa desturi hiyo hiyo, mimba ya miezi minne na zaidi ikitoka huoshwa, huvikwa sanda na kuzikwa. Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Nimeisikia kanuni hii mara nyingi, na takriban kila mara kwa vitenzi vya *hu-*. Sasa, *hu-* haichukui kiambishi cha ngeli. Msemaji wa *huoshwa, huzikwa* hana haja ya kuamua kama ni *i-* au ni *a-*. Sidai kwamba wazee walikiteua kiambishi hicho kwa hila. *Hu-* ndicho kiambishi cha desturi na kanuni popote. Nasema tu kwamba lugha ilikuwa na mlango wa kupitia pale ambapo watu hawakutaka kulazimishwa kujibu.

Mtu, uhai na maisha

Katiba haina mlango huo. Sehemu ya pili ya Ibara ya 26 inataja mtu. Na hapo ndipo tunapokutana na mgongano ambao wanasheria wameujua, lakini ambao katika Kiswahili unaonekana wazi zaidi. Kifungu cha 214 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba mtoto huwa mtu awezaye kuuawa pale anapokuwa ametoka kamili, akiwa hai, katika mwili wa mama yake. Mwaka 2004 daktari mmoja na wauguzi wawili walishtakiwa Nairobi kwa mauaji baada ya vijusi 15 kuokotwa vimetupwa. Waliachiliwa huru mwaka 2005. Shtaka la mauaji lilitaka mtu, na mtu kwa maana ya kifungu cha 214 hupatikana baada ya kuzaliwa. Miaka mitano baadaye Katiba ikasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa.

Je, Katiba imesema kwamba kilichotungwa ni mtu? Wengi waliisoma hivyo mwaka 2010, wa pande zote mbili. Lakini uhai wa mtu kuanza mahali fulani si lazima kuwe sawa na kuwa mtu mahali hapo. Mto waanzia chemchemini, wala hakuna aiitaye chemchemi mto. Nalitaja hili si kwa kutaka kumtetea yeyote, bali kwa sababu mfasiri akiandika kwamba *mtu huanza* mimba inapotungwa, atakuwa ametoa hukumu ya Mahakama ya Juu kwa kuangusha neno moja.

Gumu zaidi ni neno uhai lenyewe. Kiingereza kina neno moja tu mahali ambapo sisi tuna mawili. Uhai ni kule kuwa hai, kinyume cha kufa. Maisha ni muda aishio mtu na namna anavyouishi: maisha ya shida, maisha ya kijijini, kutafuta maisha. Mgonjwa mahututi hupigania uhai wake. Kijana aliyefukuzwa shule hulia kwamba maisha yake yameharibika. Sasa na tuiweke sehemu ya nne kwa namna mbili. Tukisema kwamba ruhusa ipo *uhai* wa mama ukiwa hatarini, msikilizaji huona kitanda cha hospitali na damu. Tukisema ruhusa ipo *maisha* ya mama yakiwa hatarini, msikilizaji mwingine, na hasa mzazi mwenye binti wa kidato cha pili, ataelewa kitu kipana mno: masomo, ndoa, riziki, aibu. Neno la pili si kosa la lugha. Laweza kutumika kwa maana ya kwanza, na wasemaji wengi hulitumia hivyo. Lakini limefungua lango ambalo matini ya asili haikulifungua, au angalau haikulifungua kwa neno hilo.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mfasiri anayetumia *maisha* katika sehemu ya pili na *uhai* katika sehemu ya nne amempa kilichomo tumboni neno pana na mwanamke neno jembamba, ilhali Katiba imetumia neno moja kwa wote wawili. Nimeuona uteuzi huo katika kazi za wanafunzi mara nne au tano, na nilipowauliza sababu, wote walisema ni kwa ajili ya kuepuka kurudia. Kanuni ya kutorudia neno ni kanuni njema ya insha. Katika sheria ni hatari. Afadhali mfasiri achague *uhai* na kushikamana nao mwanzo hadi mwisho wa Ibara, hata masikio yake yakichoka.

Makala haya hayakusudii kuikosoa tafsiri moja ya Katiba. Ibara ya 259 yenyewe imekwisha kusema kwamba matini za lugha mbalimbali zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Huenda mtu akasema basi, hoja imekwisha. La hasha. Matini ya Kiingereza hushinda mbele ya majaji. Sokoni, kanisani, msikitini na katika zahanati hushinda ile inayosikika.

Afya, na mwenye kuipima

Tumeona kwamba sehemu ya nne yataja pia afya. Hapa Kiswahili hakina taabu ya maneno mawili, ila kina taabu ya mazoea. Kwa wasemaji wengi, afya ni mwili: mtu mwenye afya ni mtu mnene kidogo, mwenye nguvu, asiyeumwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaieleza afya kuwa ni ukamilifu wa hali njema ya mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kutokuwa na maradhi tu. Umbali kati ya maana hizo mbili ndio uliobishaniwa katika Mahakama Kuu, katika shauri lililoletwa na chama cha mawakili wanawake, FIDA, pamoja na wengine. Shauri lilihusu msichana aliyenajisiwa akiwa na umri wa miaka 14, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, akafariki mwaka 2018 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wizara ya Afya ilikuwa imetoa mwongozo kwa wahudumu mwaka 2012, ikauondoa mwaka 2013, na mwaka 2014 ikakataza mafunzo. Majaji 5, katika hukumu ya Juni 2019, waliona kwamba kuondolewa kwa mwongozo kulikiuka haki, na kwamba mimba iliyotokana na kunajisiwa yaweza kuingia katika sehemu ya nne iwapo mtaalamu ataona kwamba afya ya mwanamke, ya mwili au ya akili, imo hatarini.

Mtu aweza kukubaliana na majaji au asikubaliane. Ila hebu na tufikiri juu ya wazazi wa kijijini wanaoambiwa kwamba binti yao *hana afya njema* kwa sababu ya huzuni. Watatafuta homa. Neno la sheria limetangulia, neno la watu halijafika, na kati yao hakuna aliyejenga daraja. Kazi hiyo ilikuwa yetu.

Kadhalika yule mtaalamu wa afya aliyefunzwa. Sheria ya 2017 yamhesabu daktari, muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki, mradi awe na ujuzi wa kushughulikia matatizo ya ujauzito na leseni iliyo hai. Mwaka 2010 wapinzani wa rasimu walilalamika kwamba usemi huo wawapa uamuzi watu wasio madaktari. Kwetu kijijini lalamiko hilo lilipita bila ya kueleweka, kwa kuwa kila avaaye koti jeupe ni daktari, pamoja na mwenye duka la dawa. Anayetafsiri kwa *daktari* amepunguza wigo mbele ya wakili na kuupanua mbele ya mwanakijiji kwa neno lile lile.

Na tusisahau neno mama. Zahanati zetu humwita kila mjamzito mama, kwa heshima, na heshima hiyo ni nzuri. Lakini mama ni nomino inayodai mwenzake: hakuna mama pasipo mwana. Msichana wa miaka 14 anayetajwa kuwa mama katika shauri amekwisha kupewa mtoto na sarufi. Katiba ndiyo iliyotumia neno hilo, na mfasiri hana ruhusa ya kulibadilisha. Yeye aweza tu kujua linafanya nini.

Kiambishi na kifungo

Nimeliweka mwisho jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni dogo kwa umbo: ni viambishi *-ik-* na *-w-*.

Kiswahili hupambanua kwa uwazi kabisa mimba iliyoharibika na mimba iliyoharibiwa. *Mimba imeharibika* haina mtendaji. *Mimba imeharibiwa* ina mtendaji aliyefichwa. *Ameharibu mimba* yamtaja. Vivyo hivyo *mimba imetoka, imetolewa, ameitoa.* Na liko umbo zuri zaidi, *ametokwa na mimba*, ambalo humfanya mwanamke kuwa mahali palipopatwa na jambo, kama vile *ametokwa na damu*, *ametokwa na jasho*. Katika hili lugha yetu ni bora kuliko lugha ya hospitali. Neno la kitabibu la Kiingereza, *abortion*, hubeba kwa pamoja mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa. Ndilo hilo hilo liandikwalo katika kadi ya mgonjwa aliyepotewa na mimba aliyoitamani. Shauri lililofika Mahakama Kuu ya Malindi na kutolewa hukumu Machi 2022 lilianza namna hiyo. Msichana wa kaunti ya Kilifi alikwenda kutibiwa mwaka 2019, afisa wa kliniki akaona kwamba mimba yake imetoka yenyewe, akamtibu, na polisi wakaja wakawakamata wote wawili.

Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba mwanamke ajielezaye kwa Kiswahili yu salama zaidi. Ole wetu, si hivyo. Kwanza, maelezo yake huandikwa kituoni kwa Kiingereza, na katika kuvuka huko *-ik-* huzama. Pili, wengi wetu huzungumza Kiswahili kama lugha ya pili, na vinyambulisho ndivyo vinavyoponyoka kwanza. Nimewasikia watu wakisema *nilitoa mimba* kwa maana ya *nilitokwa na mimba*. Mtu wa nyumbani huelewa kutokana na uso na sauti, lakini karatasi haina uso. Tatu, yako maneno ya staha. Mwanamke aliyepotewa na mimba, akaondolewa mabaki hospitalini, husema *nilisafishwa*. Aliyeitoa kwa hiari naye husema *nilisafishwa*. Neno limeteuliwa na jamii ili watu wasiulizane, na lafanya kazi yake vizuri mpaka siku lifikapo mbele ya askari.

Utafiti uliotolewa na Wizara ya Afya pamoja na watafiti wengine mwaka 2013 ulikadiria kwamba mimba 464,690 zilitolewa nchini mwaka 2012, na kwamba karibu wanawake 120,000 walitibiwa kwa matatizo yaliyofuata. Wako pia maelfu ambao mimba zao zilitoka zenyewe. Kila mmoja wa wanawake hao alilazimika kuieleza hali yake kwa mtu fulani, na kwa vitenzi fulani.

Ibara ya 50 yampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka lake kwa ukamilifu, na haki ya mkalimani bila ya malipo ikiwa haelewi lugha ya mahakama. Ni haki iliyoandikwa vizuri. Watanzania, ambao Kanuni yao ya Adhabu ina vifungu vinavyofanana sana na vyetu, mwaka 2021 waliamua kwa sheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na sasa wanajibidiisha kuzifasiri sheria zao. Sisi bado twategemea ulimi wa karani.

Mwaka jana nilifahamiana na karani mmoja ambaye amefanya kazi ya ukalimani katika mahakama ya hakimu kwa zaidi ya miaka 20. Mzee mpole, Kiswahili chake safi. Nilimwuliza hulisomaje shtaka la kifungu cha 159. Akanionyesha daftari alilolirithi kwa aliyemtangulia, lenye mashtaka ya kawaida na Kiswahili chake pembeni. Mbele ya 158, 159 na 160 palikuwa pameandikwa *kuharibu mimba*. Mbele ya 228, kile cha kifungo cha maisha, palikuwa pameandikwa *kuharibu mimba* pia. Hakuona ubaya, hata mara moja, alisema, hakuna wakili aliyemsahihisha.

Aliniuliza mimi ningesemaje. Nikachukua kalamu nikamwandikia, kwa 159, *kwa nia ya kuifanya mimba yako itoke, ulitumia kitu cha kudhuru isivyo halali*. Akaisoma mara mbili, polepole, akaikubali kwamba ni kweli ndivyo Kiingereza kisemavyo. Kisha akasema kwamba ni ndefu, Mwalimu, na asubuhi ya Jumatatu mashtaka huwa 30.